Yafaa Mgonjwa Ajue Maradhi Yake

Najua kwamba baadhi ya wenzangu watacheka wakiona nimeandika habari za maradhi ya wanawake katika gazeti la shule ya wavulana. Na wacheke kidogo, kisha wasome. Mwaka jana mimi mwenyewe ningalicheka. Lakini kila mmoja wetu ametoka katika nyumba yenye mama, wengi tuna dada, na wale wanafunzi wa zamani wanaolisoma gazeti hili wana wake na mabinti tayari. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba maradhi ninayotaka kuyaeleza huwapata wanawake wapatao 10 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba katika hao walio nayo, hata 70 katika 100 hawajaambiwa na mtu yeyote kuwa wanayo. Basi si jambo la nyumba moja.

Dada yangu amenipa ruhusa kuandika haya. Ametoa masharti mawili: nisimtaje jina, wala nisiandike kana kwamba amekwisha kufa. "Mimi ni mzima," alisema, "nashona nguo kila siku."

Nyumbani kwetu ni Gatsata, upande wa kaskazini wa Kigali, pale ambapo barabara ya Gicumbi inaanza kuiacha Nyabugogo. Mtu anayeijua Gatsata huijua kwa magari mabovu. Gereji zimebanana kando ya barabara, na spea zimetandazwa chini: taa, milango, injini nzima zimelala juu ya magunia. Baba yangu ni fundi hapo tangu sijazaliwa. Kiswahili chake hakukisoma shuleni. Alikipata kwa mafundi wenzake na madereva wa malori yatokayo Uganda, Kenya, Tanzania na Kongo. Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya nchi yetu mwaka 2017, baba alicheka akasema kwamba yeye aliipitisha sheria hiyo zamani, akiwa chini ya lori.

Sasa habari za dada. Ni mkubwa wangu kwa miaka minne. Tangu alipokuwa msichana wa shule hedhi yake haikuja kwa mpango. Mara ilikaa miezi miwili, mara minne, na safari moja ilikaa nusu mwaka. Alikuwa na chunusi zilizokataa kwisha, na nywele kidevuni ambazo alizing'oa alfajiri kabla watu hawajaamka. Haya yote mimi sikuyajua, ingawa tulikaa nyumba moja. Katika desturi yetu ya Kinyarwanda mambo ya namna hii msichana huyapata kwa dada wa baba yake, ambaye sisi humwita masenge. Ni desturi njema, nami siidharau. Lakini masenge wetu anakaa mbali, na alipokuja alisema tu kwamba msichana akiolewa mambo hayo hukoma. Bibi yetu alitamka neno moja la zamani, impa, yaani msichana asiyepata hedhi. Aliyesikia habari za mila zetu anajua kwamba hilo halikuwa neno jema. Watu wa kale walimhofia msichana wa namna hiyo kuwa mkosi kwa nchi nzima. Bibi hakulisema kwa ubaya. Hakuwa na neno jingine.

Mwaka jana dada alichoka kungoja. Hakufuata njia ya Mutuelle, ambayo, kama mjuavyo, huanzia kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, ndipo hospitali kubwa. Alikwenda moja kwa moja mahali pa kulipa fedha taslimu, akapigwa picha ya tumbo, ile tunayoiita ekografi. Aliyempiga picha hakusema mengi. Alimpa karatasi ya Kifaransa yenye herufi nne: SOPK. Dada aliuliza maana yake, akajibiwa kwamba ovari zake zina vifuko vingi na kwamba siku akitaka mtoto arudi. Nje watu walikuwa wamepanga mstari. Baadaye aliifuata njia iliyo sawa, akafika hospitali, na daktari mwingine, kijana, akamwandikia karatasi ya Kiingereza yenye herufi nne nyingine: PCOS. Akamwambia apunguze uzito, akamwita mgonjwa aliyefuata.

Ninyi mnaojua lugha zote mbili mmekwisha kuelewa. Ni maradhi yale yale. Herufi zimegeuzwa tu, maana Wafaransa hupanga maneno yao hivi na Waingereza hivi. Serikali iliamua mwaka 2008 kwamba masomo yatoke katika Kifaransa yaingie katika Kiingereza, na leo madaktari wa zama hizo mbili wanafanya kazi pamoja, kila mmoja na kalamu yake. Hilo si kosa la mtu. Lakini dada yangu, ambaye alisoma mpaka mwaka wa tatu wa sekondari, aliamini kwa miezi mitano kwamba ana maradhi mawili. Akawa anatafuta dawa mbili.

Mgonjwa asiyejua ana nini ni kama gari lililoharibika njiani usiku: kila apitaye hujifanya fundi. Jirani mmoja alimwambia vifuko hivyo ni uvimbe na vitapasuka. Mwingine alisema ni adhabu ya vidonge vya kupanga uzazi, ingawa dada hakuwa amevitumia hata siku moja. Katika simu yake alimwona mwanamke akieleza, kwa Kiswahili kizuri kuliko cha mwalimu wetu (mwalimu atanisamehe), jinsi ya kusafisha kizazi kwa unga wa majani kwa siku 21, na mwisho wa maelezo hayo palikuwa na nambari ya kupelekea fedha. Dada alizipeleka. Unga ulipofika akaunywa siku zote 21, na katika hizo aliharisha siku nane. Kisha akasoma mahali pengine, kwa Kiingereza alichokifahamu nusu, kwamba mwanamke mwenye PCOS ni tasa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika hasa. Palikuwa na kijana aliyekuwa akijiandaa kuja nyumbani kwetu pamoja na wazee wake kwa gusaba, yaani kuposa. Dada alimwambia asije. Hakumwambia sababu. Yule kijana alidhani dada amempata mwingine, akarudi kwao Rubavu. Sentensi moja tu, ndugu zangu, ndiyo iliyofanya kazi hiyo, na sentensi yenyewe si kweli.

Nilipokwenda nyumbani likizo ya Noeli, dada alinipa karatasi zote mbili akasema, "Wewe ndiwe msomi. Nisomee." Nami kwa kiburi cha mwanafunzi wa mwaka wa mwisho nikamwahidi kwamba nitamletea jibu. Niliporudi shuleni nilikwenda maktabani. Katika rafu ya juu kabisa mna kitabu kinene cha tiba kilicholetwa wakati babu zetu walipokuwa vijana. Nilitafuta habari za ovari, nikakuta jina la tatu: maradhi ya Stein na Leventhal. Dalili zilikuwa zile zile za dada. Na dawa yake, kitabu kilisema, ni kupasua tumbo na kukata kipande cha kila ovari, mfano wa kipande cha chungwa. Nilitoka jasho. Usiku ule nilianza kumwandikia dada barua ya kumtia moyo ili akubali kupasuliwa.

Barua hiyo haikwenda. Asubuhi nilimpitia Sista anayeitazama zahanati ya shule, nikamwonyesha kitabu. Hakuanza kusoma pale nilipofungua. Alirudi nyuma mpaka ukurasa wa mwanzo, akatia kidole juu ya mwaka kilipopigwa chapa. "Mwanangu," alisema, "kitabu hiki hakisemi uongo. Kinasema yale waliyoyajua siku hizo."

Irving Stein na Michael Leventhal walikuwa madaktari wa Chicago. Mwaka 1935 waliandika habari za wanawake 7 waliokosa hedhi na ambao ovari zao zilikuwa kubwa zenye vifuko vingi. Waliwakata kipande cha ovari, na hedhi ikarudi. Hapakuwa na dawa nyingine wakati huo, kwa hiyo madaktari wengi wakaifuata njia hiyo kwa miaka mingi. Kisha vikaja vidonge, na tena ikaonekana kwamba kukata kule huacha makovu ambayo yenyewe yaweza kumzuia mwanamke asizae. Basi njia hiyo ikaachwa. Lakini kitabu chetu kilikwisha kupigwa chapa, nacho hakiwezi kujisahihisha. Kingali pale rafuni kikimngoja mwanafunzi mwingine mwenye dada.

Sista alinipa kitu kingine cha kusoma, nacho ni mwongozo uliotolewa mwaka 2023 chini ya usimamizi wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia. Umetungwa na wataalamu wa nchi nyingi, na pamoja nao, jambo lililonishangaza, walikaa wanawake wenye maradhi yenyewe. Ni mrefu na Kiingereza chake ni kigumu. Tuliusoma jioni nne, Sista na mimi, yeye akijua tiba na mimi nikishika kamusi. Nitaeleza tuliyoyapata, maana huenda yupo msomaji ambaye dada yake anayahitaji leo.

Vile viitwavyo vifuko si uvimbe. Ni vijumba vidogo vya mayai, ambavyo kila mwanamke anavyo. Ila kwa mwenye maradhi haya vingi vimeanza kukua vikasimama njiani, na mara nyingi hakuna kimoja kinachokomaa na kulitoa yai. Havihitaji kukatwa. Jina la maradhi ndilo linalopotosha watu, na mwaka 2012 jopo lililoitwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilisema wazi kwamba jina hilo linavuruga mambo. Shina lenyewe limo katika homoni. Mwili hutoa kwa wingi mno homoni za jamii ya androjeni, ambazo wanaume wanazo nyingi na wanawake kidogo. Na kwa wengi insulini, ile inayoisaidia sukari kutoka katika damu kuingia mwilini, haifanyi kazi barabara, hata mwili unalazimika kuitoa zaidi, nayo ikizidi huzichochea ovari zitoe androjeni zaidi. Hivyo nywele za kidevuni, chunusi na hedhi inayochelewa ni jambo moja lenye milango mitatu. Si uchawi, wala si laana, wala halikuletwa na tabia mbaya. Aghalabu huenda kwa ukoo.

Tena picha peke yake haitoshi kusema kwamba mtu anayo maradhi hayo. Kwa mwanamke mzima daktari hutafuta mambo mawili katika matatu: hedhi isiyo na mpango, dalili za androjeni nyingi, ama mwilini ama katika damu, na vijumba vingi katika picha, au badala ya picha kipimo cha damu kiitwacho AMH. Wala hana budi kuhakikisha kwanza kwamba si maradhi ya tezi ya shingo au ya homoni iletayo maziwa, ambayo yaweza kufanana nayo. Na msichana ambaye haijapita miaka 8 tangu hedhi yake ya kwanza hapaswi kuhukumiwa kwa picha hata kidogo, kwa sababu ovari za wasichana wengi wenye afya njema huonekana hivyo. Niliposoma hapo niliwafikiria wasichana wa miaka 15 na 16 ambao huenda wanatembea na hofu kwa ajili ya picha tu.

Je, msichana aende lini kuuliza? Ikiwa imepita miaka 3 tangu hedhi ya kwanza, na siku za kutoka hedhi moja mpaka nyingine huzidi 35, au kwa mwaka mzima hapati hata mara 8, na aende kituo cha afya. Zikipita siku 90 bila hedhi, hata kama ni mara moja, asikae kungoja kuolewa. Hili si jambo la watoto tu. Hedhi isipokuja muda mrefu, ngozi ya ndani ya mfuko wa uzazi huzidi kunenepa, na baada ya miaka mingi hatari ya saratani ya mahali hapo huongezeka. Kadhalika kisukari huwapata wanawake hawa zaidi kuliko wengine, kwa hiyo yafaa sukari na shinikizo la damu vipimwe mara kwa mara.

Na ile sentensi iliyomfukuza kijana wa Rubavu? Wanawake walio wengi wenye PCOS huzaa. Wengine huzaa bila msaada wowote, wengine kwa vidonge vya kuliamsha yai, ambavyo leo cha kwanza kushauriwa huitwa letrozoli. Kwa asiyetaka mtoto sasa, vidonge vile vile vya kupanga uzazi, ambavyo jirani yetu alivilaumu, ndivyo daktari huvitumia mara nyingi kuiweka hedhi katika mpango na kupunguza chunusi na nywele. Na pengine humpa metformini, dawa ya kisukari. Lakini hakuna dawa ya kuyaondoa maradhi haya moja kwa moja. Yanatunzwa, hayafutwi. Anayesema anayo dawa ya kuyafuta ana kitu anachouza.

Habari za chakula ziliniudhi kidogo. Si mwongozo wenyewe ulioniudhi. Wenyewe unasema kweli, kwamba hakuna aina moja ya chakula iliyothibitishwa kuwa bora kuliko nyingine kwa maradhi haya, bali mtu ale vizuri kwa namna anayoiweza. Walioniudhi ni wale wanaoyachukua mambo haya na kuyageuza kuwa orodha za samaki wa bahari baridi na nafaka ambazo sokoni Nyabugogo hazijulikani hata kwa jina. Dada alikuwa ameandika orodha moja ya namna hiyo katika daftari lake la vipimo vya nguo, akajiona maskini mno hata kuweza kupona. Na maharage je? Na dodo, na isombe? Kadhalika mazoezi: dakika 150 au zaidi kwa juma, mwongozo wasema. Mtu akaaye Gatsata, ambako nyumba zimepanda mlima kama ngazi, hana haja ya kununua mashine ya kukimbilia. Dada siku hizi akienda Nyabugogo kununua nyuzi hushuka kwa miguu na kupanda kwa miguu, na fedha ya pikipiki anaiweka.

Jambo moja zaidi. Mwongozo wasema kwamba mwanamke mwenye maradhi haya aulizwe kuhusu huzuni na wasiwasi, maana humpata zaidi. Dada alipita mbele ya watu wawili wenye koti jeupe, na hakuna aliyemwuliza swali hilo. Mimi, ndugu yake, sikumwuliza pia.

Nilipokwisha kumweleza dada haya yote likizo iliyopita, baba alikuwa amekaa mlangoni akisafisha plagi. Baba hajui homoni. Aliniuliza tu, "Yule aliyewauzia unga, mlimwuliza nini?" Nikasema hatukumwuliza neno. Alinitazama kama anavyomtazama kijana aliyefunga nati bila kuikaza. Mnunuzi wa spea pale Gatsata, kama si mjinga, hatoi fedha kabla ya kujua kifaa kimetoka gari gani na la mwaka gani, nani aliyekifungua, na kama kesho kikigoma atamkuta muuzaji pale pale au atakuwa amehama. Fundi akisema kifaa chake chafaa magari yote, mnunuzi huondoka. Kwa kifaa cha elfu kumi tunauliza haya yote, na kwa tumbo la binti yake, alisema baba, hatukuuliza hata moja.

Nimeyafikiri sana maneno hayo, nami naona yanatosha kupimia kila karatasi na kila sauti inayotufundisha habari za maradhi. Nani ameandika, na je, ametia jina lake? Ameandika mwaka gani? Anauza nini? Je, anasema dawa yake yafaa kila mtu? Kitabu chetu cha maktabani kina majina ya waandishi na hakiuzi kitu, lakini kilianguka kwa mwaka wake. Yule mwanamke wa unga alikuwa wa mwaka huu huu, lakini hakuwa na jina wala mahali pa kumrudia.

Maoni yangu basi ni haya. Ujuzi wa maradhi haya haukukosekana. Upo, tena mwingi, na watu wa haki wameutoa bure. Umekosa tu kufika Gatsata kwa maneno ambayo mshona nguo anaweza kuyasoma jioni peke yake, akayarudia, akamwonyesha mama yake. Na hapo sioni kwamba lawama yote ni ya Serikali au ya hospitali. Sisi tuliopewa lugha tatu au nne tunazifanyia nini? Tunafaulu mitihani. Tunajaza fomu. Tunajigamba mbele ya wasichana. Lugha ni daraja, walimu wametuambia mara nyingi mpaka tumechoka; lakini dada yangu alisimama ng'ambo ya mto miezi mitano kwa sababu ya herufi nne, na katika nyumba yake mwenyewe alikuwamo mtu aliyejifunza Kifaransa na Kiingereza.

Watakuwapo watakaosema kwamba mgonjwa akijua mno atamfundisha daktari kazi yake. Nimewahi kumsikia mtu mwenye elimu akisema hivyo. Mimi naona kinyume. Mteja anayemletea baba gari na kusema "limeharibika" humpotezea asubuhi nzima; lakini yule asemaye "linalia upande wa kushoto nikipanda mlima, tena likiwa na moto" amekwisha kumfanyia nusu ya kazi. Dada aliporudi hospitali mwezi uliopita alikuwa na tarehe za hedhi zake za mwaka mzima zimeandikwa katika daftari. Daktari alizisoma, akavuta kiti karibu. Safari hii alipimwa sukari na shinikizo la damu, akaelezwa dawa aliyopewa ni ya nini. Foleni nje ilikuwa ndefu vile vile.

Wengine watasema kwamba siku hizi simu ina kila kitu, kwa nini tusumbuke na karatasi. Kweli ina kila kitu. Unga wa siku 21 nao umo humo.

Nataka niseme wazi kwamba makala haya yangu siyo karatasi ninayoidai. Mimi nina miaka kumi na tisa, sikusomea udaktari, na mmekwisha kuona jinsi nilivyokaribia kumpeleka dada yangu kupasuliwa kwa kukiamini kitabu kwa sababu ya unene wake. Kutafsiri maneno ya tiba si sawa na kutafsiri hadithi. Neno moja likikosea mtu anakunywa kisichomfaa. Kwa hiyo nawageukia wanafunzi wa zamani wa shule hii. Wamo miongoni mwenu madaktari, wauguzi na wauza dawa wenye vyeti; gazeti hili huchapa majina yenu kila mwaka tunapojivunia. Tunaomba wawili au watatu tu wa kuandika karatasi ya kurasa mbili, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, yenye majina yao chini na mwaka juu, na herufi zote za SOPK na PCOS zimeandikwa pamoja mstari wa kwanza ili mtu mwingine asidhani ana maradhi mawili. Isomwe kwanza na wanawake wenye maradhi yenyewe kabla ya kupigwa chapa; dada yangu amekubali kuwa mmoja, na amesema neno lolote asilolielewa atalipigia mstari mwekundu. Ikiwa tayari, sisi wa mwaka wa sita tutainakili na kuipeleka kwa abajyanama b'ubuzima, wale wajumbe wa afya waliochaguliwa na wanakijiji, kila mmoja katika mtaa wa kwao. Mwaka ukigeuka isomwe tena, na kilichopitwa na wakati kifutwe.

Baba amesema niseme kwamba nakala moja itabandikwa gerejini. Mafundi wenzake watamcheka, naye anajua. Lakini nao wana mabinti.

Kuhusu kijana wa Rubavu, dada amemwandikia barua. Hakunionyesha alichoandika, nami sikuomba.

Aliye tayari kusaidia na apeleke jina lake kwa Mhariri kabla shule haijafungwa. Na yule kitabu kinene, Sista amekubali nibandike karatasi ndani ya jalada lake, yenye mwaka 1935, mwaka 2023, na maneno mawili matatu katikati.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Sita